Kuchagua mashamba ya mizabibu ya kutembelea Cape, Afrika Kusini: mwongozo kamili kwa msafiri wa Afrika Mashariki

Njia ya mvinyo ya Stellenbosch peke yake ina mashamba zaidi ya 150. Ongeza Franschhoek, Paarl, Constantia, Swartland na Hemel-en-Aarde, na utaona kwamba hata ukihamia Cape Town huwezi kuyamaliza. Wageni wengi huandika majina kumi yanayovuma mitandaoni, wakayakimbiza siku nzima, na jioni hawakumbuki ladha ya mvinyo hata mmoja. Wanachokumbuka ni kutafuta mahali pa kuegesha gari. Hapa tutaanzia upande wa pili. Kwanza tutaipanga siku, halafu ndipo tuyaite majina. Na kuna kanuni moja ambayo sitaki mjadala juu yake: mashamba matatu kwa siku, yote kwenye barabara moja, na kila moja liwe na sababu yake ya kuwemo.

Kwa nini matatu? Piga hesabu. Ukiketi kuonja, utamiminiwa aina tano au sita za mvinyo, kila moja kama mililita 25 au 30. Hiyo ni karibu glasi nzima kwa shamba moja. Mashamba matatu yanakupeleka kwenye zaidi ya nusu chupa, na mvinyo mwekundu wa Cape mara nyingi hufika asilimia 14 ya kilevi. Kisha angalia saa. Vyumba vingi vya kuonjea hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na ukifika dakika za mwisho hupokelewi. Kuonja kwa utulivu kunataka saa nzima au zaidi, chakula cha mchana saa moja na nusu, na katikati kuna barabara. Shamba la nne utalipata tu kwa kuiba muda wa lile la tatu.

Hatua ya kwanza: siku hii ni ya nani, na ya nini?

Watu huenda Cape kwa mambo tofauti na wote husema wanakwenda kwa mvinyo. Yupo anayetaka kujua kwa nini Chenin Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe, ya mteremko huu si sawa na ya bonde lile. Yupo anayetaka mandhari ya milima na picha nzuri. Yupo anayetaka chakula, na mvinyo ukiwepo ni heri. Yupo mwenye watoto wawili wadogo ambao baada ya dakika kumi wataanza kukimbia kati ya meza. Shamba linalomfaa wa kwanza linaweza kuwa adhabu kwa wa mwisho.

Chagua lengo moja kuu kwa kila siku. Kama msafara ni wa watu wanne, muulize kila mmoja peke yake kabla ya safari, maana wakiwa pamoja wote watakubaliana na yule mwenye sauti kubwa. Na mara nyingi sana kati yetu kuna asiyekunywa, kwa dini, kwa afya au kwa hiari yake. Msifanye kosa la kumkabidhi funguo za gari kwa sababu hanywi, kana kwamba alilipa nauli ya ndege aje kuwa dereva wenu. Mchagulieni walau shamba moja ambalo angefurahia hata kama mizabibu isingekuwepo. Babylonstoren, kati ya Paarl na Franschhoek, lina bustani ya matunda na mboga ambayo watu hulipa kiingilio kuitembea tu. Vergelegen, upande wa Somerset West, lina miti ya mikafuri iliyopandwa takriban miaka ya 1700, yenye mashina makubwa ajabu. Fairview kule Paarl lina jibini na mnara wa mbuzi, na mbuzi wanaupanda kweli. Juisi ya zabibu na chokoleti hupatikana katika mashamba kadhaa. Uliza unapoweka nafasi.

Hatua ya pili: anza na chupa unayoijua

Rafu za maduka makubwa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zimejaa mvinyo wa Afrika Kusini, kwa hiyo huanzi sifuri. Lakini ujue chupa ile inatoka wapi. Four Cousins hutengenezwa na Van Loveren, familia yenye mashamba Robertson, kiasi cha kilomita 160 kutoka Cape Town. Ukidhani utalipitia njiani kwenda Stellenbosch, umekwisha kupotea. Nederburg ni Paarl, shamba lenye historia tangu 1791. 4th Street, ambayo huku kwetu imetapakaa kwenye kila sherehe, ni jina la bidhaa la kampuni kubwa. Hakuna shamba la 4th Street la kwenda kupigia picha.

Chupa uipendayo inakupa kitu cha maana zaidi ya anwani, nacho ni mwelekeo wa ladha. Ukipenda kitu chepesi chenye uchachu wa limau, tafuta Sauvignon Blanc, na tafuta sehemu zenye upepo wa bahari. Ukipenda Chenin Blanc ya Dodoma, hapa ndipo pa kuilinganisha, maana ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote Afrika Kusini. Ukipenda mwekundu mzito wa kuliwa na nyama choma, Stellenbosch inasifika kwa Cabernet Sauvignon. Pinotage ni zabibu ya hapo hapo, iliyopatikana 1925 Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Wengine huipenda mara ya kwanza, wengine kamwe.

Na ukipenda mvinyo mtamu, sema waziwazi. Afrika Mashariki wengi tunaupenda mtamu, na kuna wahudumu ambao watainua nyusi ukiutaja. Waache na nyusi zao. Mvinyo ulioipa Cape jina Ulaya karne ya 18 na 19 ulikuwa mtamu, ule wa Constantia, ambao Napoleon aliendelea kuletewa akiwa kifungoni kisiwa cha Mtakatifu Helena. Klein Constantia waliufufua kwa mavuno ya 1986 kwa jina la Vin de Constance. Ni ghali, lakini kuna siku unaweza kuuonja kwa glasi ndogo, na hapo utajua tofauti kati ya utamu wa sukari iliyoongezwa na utamu wa zabibu iliyoachwa mtini mpaka ikaanza kunyauka.

Hatua ya tatu: bonde moja kwa siku moja

Kwenye ramani kila kitu kinaonekana jirani. Usidanganyike. Kutoka Stellenbosch hadi Franschhoek ni kama kilomita 30, lakini ni kupitia mlima wa Helshoogte, na nani atapita pale bila kusimama atazame?

Constantia ni la mwenye nusu siku. Liko ndani ya jiji la Cape Town, kama dakika 20 kutoka katikati pasipo foleni. Mashamba ni machache, hali ya hewa ni ya ubaridi wa bahari, na Sauvignon Blanc yake ni ya kutumainiwa. Groot Constantia ndipo palipoanzia, 1685, Simon van der Stel alipopewa ardhi. Leo unaona nyumba kuu ya kale, ghala la zamani, na migahawa. Lina watu wengi, lakini kwa mgeni wa mara ya kwanza halichoshi. Juu zaidi, karibu na Constantia Nek, Eagles' Nest, Beau Constantia na Constantia Glen yanatazamana kwa dakika chache za gari. Mabasi mekundu ya watalii ya City Sightseeing yana njia inayopita bonde hili, kwa hiyo huhitaji hata kukodi gari.

Stellenbosch, kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo maana watu hupotelea humo. Usiitazame kama sehemu moja. Wenyewe wameigawa njia yao ya mvinyo vipande vitano: Greater Simonsberg, Helderberg, Stellenbosch Berg, Stellenbosch Valley na Bottelary Hills. Chagua kipande, siyo mji. Simonsberg na Helderberg ni miteremko ya milima yenye udongo wa matale yaliyooza, mvinyo mwekundu wa nguvu. Njia hii ilianzishwa 1971 na wakulima watatu, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Niel Joubert wa Spier, na mashamba yote matatu bado yanapokea wageni. Mwaka huo huo Simonsig walitengeneza Kaapse Vonkel, mvinyo wa kwanza wa Afrika Kusini uliotiwa mapovu ndani ya chupa kwa njia ileile ya Champagne; leo aina hiyo huitwa Cap Classique.

Franschhoek ni bonde dogo lililofungwa na milima pande tatu, lililokaliwa na wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa kuanzia 1688. Ndiyo maana majina ya mashamba ni ya Kifaransa hata pale ambapo hakuna anayekizungumza. Ni la mwenye kupenda chakula, na bei zinajua hilo. Faida yake kubwa ni tramu ya mvinyo, iliyoanza 2012: tramu na mabasi hufuata njia zilizopewa rangi, unashuka shamba unalotaka, unapanda inayofuata. Unachagua rangi kwanza na rangi ndiyo inakuchagulia mashamba, basi soma orodha ya vituo kabla ya kulipa. Tiketi ni ya usafiri. Kuonja unalipia kwenye kila shamba. Na tramu ina vituo vingi kuliko tumbo lako: shuka vitatu, viache vingine.

Paarl hupuuzwa bila sababu. Bei ni za chini kidogo, familia hupata nafasi, na KWV, chama cha wakulima kilichoundwa 1918 na kutawala biashara ya mvinyo ya nchi hiyo kwa miongo mingi, kilikuwa na makao yake hapo.

Yaliyo mbali nayataja kwa ufupi tu. Hemel-en-Aarde, nyuma ya mji wa Hermanus, ni kilomita 120 hivi, penye Pinot Noir na Chardonnay nzuri sana. Nenda kati ya Juni na Novemba uunganishe na nyangumi. Swartland ni nchi ya ngano na mizabibu mikongwe isiyomwagiliwa. Watengenezaji wake wengi ni wadogo, hawapokei mtu bila miadi. Kama hii ni safari yako ya kwanza, waache hao kwa safari ya pili.

Hatua ya nne: andika manane, futa matano

Ukishapata kipande chako, andika mashamba manane yaliyomo humo. Kisha kaa na simu na kalamu, uyapitishe kwenye maswali haya. Siku yako ni Jumapili? Baadhi ya mashamba mazuri hufunga Jumapili au hufunga mapema Jumamosi. Wanapokea bila nafasi, au mpaka uandike barua pepe? Ada ya kuonja ni kiasi gani, na hurudishwa ukinunua chupa? Mnaketi mezani mkahudumiwa, au mnasimama kwenye kaunta? Je, unaweza kuonyeshwa kiwanda na ghala la mapipa? Kuna chakula kamili au sahani ya jibini tu? Kundi la watu wangapi huanza kuwa tatizo? Wengi huweka kikomo kwenye sita au nane bila taarifa.

Maswali hayo yatafuta mawili au matatu yenyewe. Kwa yaliyobaki, fuata utofauti. Mashamba matatu yanayofanana ni shamba moja uliloonja mara tatu. Mimi hupendelea mchanganyiko huu: moja kubwa linalojua kupokea wageni, moja la familia ambapo anayekumiminia anaweza kuwa mtoto wa mwenye shamba, na moja lililo pale kwa sababu ya hadithi au mandhari. Yale makubwa yana shughuli zilizopangwa vizuri na vyoo safi. Yale madogo ndiyo yanayokupa mazungumzo.

Hapo kwenye hadithi nataka tukae kidogo, kwa sababu vijitabu vya watalii hupita mbio.

Nyumba zile nyeupe zenye paa za nyasi na vipembe vya mviringo hazikujijenga. Watumwa waliletwa Cape kuanzia 1658. Walitoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia ya leo. Wao ndio walichimba mashimo ya mizabibu, wakavuna, wakakanyaga zabibu. Utumwa ulifutwa 1834, lakini walioachiwa walifungwa na mikataba ya uanagenzi hadi 1838. Kulikuwa pia na mfumo wa dop, ambapo mfanyakazi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo wa bei rahisi, na madhara ya ulevi ule bado yanaonekana katika vijiji vya wafanyakazi. Kengele kubwa unayopigiwa picha mbele ya shamba, mara nyingi ndiyo iliyowaamsha watumwa. Mtu anayetoka Kilwa, Bagamoyo au Unguja haihitaji tafsiri.

Kwa hiyo, katika kuchagua, uliza shamba linasema nini juu ya hayo. Muratie, kwenye mteremko wa Simonsberg, halifichi: husimulia habari za Lourens Campher, askari Mjerumani aliyepewa ardhi ile 1685, na Ansela, mtumwa wa Cape aliyezaa naye watoto, na jinsi alivyosubiri mpaka Ansela alipopata uhuru ndipo wakaoana. Mvinyo wao mwekundu unaitwa kwa jina lake. Chumba cha kuonjea ni cha kizamani, na utando wa buibui madirishani umeachwa makusudi.

Umiliki nao uuangalie. Mashamba ya mvinyo yanayomilikiwa na Waafrika weusi bado ni machache mno. Klein Goederust, Franschhoek, lilinunuliwa na Paul Siguqa, ambaye mama yake alikuwa kibarua wa shamba la mizabibu kwa miongo kadhaa. Lilifunguliwa upya mwishoni mwa 2021, na mvinyo wa mapovu wa hapo una jina la mama huyo, Nomaroma. Ntsiki Biyela, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo Afrika Kusini, ana mvinyo wake uitwao Aslina, jina la bibi yake. Chupa zake zitafute kwenye orodha za migahawa ya Stellenbosch. Kwa mashamba mengine, tazama kama chupa ina alama ya WIETA, inayohusu hali ya kazi na makazi ya wafanyakazi. Haimalizi swali, lakini shamba lisilojua WIETA ni nini limeshakujibu.

Mpenzi wa mvinyo wenyewe ana alama yake ya kutafuta pia: mradi wa mizabibu mikongwe, ulioanza 2016, huweka stika shingoni mwa chupa ikiwa mizabibu ina miaka 35 au zaidi, na stika inataja mwaka wa kupandwa. Shamba lenye chupa za aina hiyo linastahili nafasi katika tatu zako.

Hatua ya tano: upi kwanza, upi mwisho

Panga kwa ulimi na kwa tumbo. Asubuhi saa nne anza na penye mapovu au mvinyo mweupe, ulimi ukiwa bado mwepesi. Shamba la pili liwe na jiko, ufike saa sita, uonje, kisha ule hapo hapo bila kuhama. La tatu liwe la mwekundu, au la mtamu, au lile la mandhari, na liwe karibu na unakolala. Lile unalolitamani kuliko yote usiliweke mwisho. Saa tisa alasiri ulimi umechoka na kila kitu kinaonja sawa. Liweke la kwanza, au la pili kabla ya kula.

Chai nzito asubuhi ni lazima. Chapati na mayai, usione haya. Anayefika kuonja na tumbo tupu hafiki shamba la tatu akiwa na adabu.

Hatua ya sita: nani ataendesha

Sheria inaruhusu gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na kwa hesabu tuliyofanya juu, shamba la kwanza tu linaweza kukukaribisha hapo. Barabara ni za kushoto kama zetu na ni nzuri, jambo linalowapa watu ujasiri wa kijinga. Ukiwa peke yako au wawili, tramu ya Franschhoek au basi la Constantia linatosha. Ukiwa Stellenbosch, Uber na Bolt zipo na kwenda ni rahisi. Kurudi kutoka shamba lililo ndani ya vumbi saa kumi na moja jioni ni hadithi nyingine, kwa hiyo patana na dereva akusubiri. Mkiwa wanne au zaidi, dereva wa siku nzima na gari lake hugawanyika vizuri, na dereva mwenyeji anajua shamba gani leo lina harusi.

Kuhusu majira sitasema mengi. Mavuno huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi au Aprili. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Cape mara moja tu, kwa hiyo ukikosa umekosa. Wakati wa mavuno ghala linanuka zabibu zinazochachuka na matrekta yanapishana. Kunapendeza sana, ila mtengenezaji hana dakika ya kuzungumza nawe. Desemba na mwanzo wa Januari ni msimu wa likizo, bei juu, nafasi haba, na upepo wa kusini-mashariki unaweza kukupeperushia kofia. Mwisho wa Aprili na Mei majani hugeuka rangi nyekundu na dhahabu. Juni hadi Agosti ni mvua na baridi, mizabibu imebaki vijiti vitupu. Picha hazitakuwa kama za mtandaoni, lakini kuna moto mekoni, punguzo la bei na wahudumu wenye muda. Kwa anayetaka kujifunza, mimi ningemwambia aende hapo hapo, na koti zito.

Siku mbili za mfano

Ya kwanza, kwa anayetaka mvinyo na historia, upande wa Simonsberg. Saa nne Simonsig, uonje Kaapse Vonkel na uombe kuona ghala. Saa sita Delheim, uonje kisha ule chini ya miti. Saa tisa Muratie, ambalo liko barabara hiyohiyo ya Knorhoek, dakika chache tu. Ukiwa ni mtu wa Pinotage hasa, toa Delheim uweke Kanonkop, na ule Muratie.

Ya pili, kwa kundi mchanganyiko lenye mtoto au asiyekunywa. Anzeni Tokara, juu ya mlima wa Helshoogte, ambako kuna mafuta ya zeituni ya kuonja kando ya mvinyo na mabonde mawili ya kutazama. Teremkeni hadi Boschendal kwa chakula cha mchana kwenye nyasi, watoto wakimbie. Malizieni Babylonstoren kwenye bustani, lakini wekeni nafasi mapema, hasa wikendi. Kati ya Tokara na Boschendal kuna wanaopenyeza shamba la Delaire Graff kwa ajili ya picha. Mkitaka, kunyweni kahawa tu hapo.

Mezani, na kwenye begi la kurudia

Ndoo ndogo iliyo mezani ni ya kutemea na kumwaga, na kuitumia si dharau. Wataalamu hutema kila kitu. Onja, mwaga kilichobaki, kunywa maji. Huhitaji kusema unasikia harufu ya ngozi ya farasi. Mwambie muhudumu unachopenda na usichopenda kwa maneno ya kawaida, naye atabadilisha mpangilio. Kushiriki seti moja ya mvinyo wa kuonja watu wawili hukubalika mahali pengi na hupunguza nusu ya gharama na nusu ya kilevi, ila uliza kwanza.

Usinunue kwenye shamba la kwanza kwa shukrani. Andika ulichopenda kwenye simu pamoja na bei, umalize siku, kisha asubuhi yake amua. Nunua usichoweza kukipata nyumbani: mavuno ya zamani, chupa za shamba dogo, mvinyo wa mizabibu mikongwe. Nederburg ya kawaida utaikuta Nairobi. Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo inayobaki. Zaidi ya hapo tangaza ulipe. Chupa ziende kwenye begi linalopimwa, zimeviringishwa nguo katikati ya begi, siyo pembeni. Bakiza risiti za kodi ya ongezeko la thamani: mgeni anayeondoka na bidhaa zenye thamani ya zaidi ya randi 250 anaweza kudai kodi hiyo ya asilimia 15 irudishwe uwanjani, na maofisa watataka kuziona chupa kabla hujakabidhi begi, kwa hiyo fika mapema na usilifunge kwa nailoni.